Nani Ampe Mwimbaji Tumaini? Huzuni na Mizani ya Moyo katika Nyimbo za Dzaleka

Katika ufundishaji wetu wa fasihi kuna swali moja lililozoeleka mno, hata hatulioni tena kuwa ni swali. Tukisha kumsomea mwanafunzi shairi, au kumsikilizisha wimbo, humwuliza: "Mtunzi ametoa ujumbe gani, na amependekeza suluhisho gani?" Mwanafunzi naye, kwa kuwa anajua alama ziko wapi, hulitafuta suluhisho hata mahali ambapo mtunzi hakuliweka. Makala haya yana nia ya kulihoji swali hilo. Tunadai kwamba linapoelekezwa kwa wimbo wa huzuni, na hasa kwa mwimbaji ambaye huzuni hiyo ni yake mwenyewe, si kosa la uhakiki tu. Ni mzigo anaotwishwa mtu ambaye tayari amelemewa.

Mifano yetu tumeichukua Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Dowa nchini Malawi, na katika jiji la Lilongwe lililo umbali wa kilometa zipatazo 45 kutoka hapo. Hatukuichagua kwa sababu huzuni ni mali ya wakimbizi peke yao. Tumeichagua kwa sababu hapo ndipo sisi wenyewe tulipokosea.

Daftari na wino mwekundu

Tuliwahi kufundisha darasa la jioni la Kiswahili huko Dzaleka, vijana na watu wazima pamoja. Wengi wao walitoka Kongo ya mashariki, wengine Burundi na Rwanda. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ingawa si kile cha vitabu vyetu. Siku moja kijana mmoja, mpiga gitaa katika kwaya ya kanisa na pia katika kikundi cha muziki wa dansi, alituletea daftari lake. Ndani yake alikuwa ameandika wimbo wa beti nne juu ya mtu ambaye hapati usingizi. Mtu huyo anahesabu misumari ya paa gizani kwa kuipapasa kwa mawazo. Anamsikia jirani akikohoa. Anajua kwamba kesho itafanana na jana. Mwishoni hakuna linalotokea. Wimbo unakoma mtu angali macho.

Tulilisahihisha daftari lile kama tulivyozoea. Palipoandikwa "niko nawaza" tulikata, tukaandika "ninawaza." Chini ya ubeti wa nne tuliandika kwa wino mwekundu: "Wimbo mzuri, lakini hauna tumaini. Ongeza ubeti wa kutia moyo." Kijana alikuwa mtiifu. Aliongeza ubeti wa tano, akaleta mapambazuko, akamleta Mungu, akaleta na safari ya kwenda nchi ya mbali. Aliuimba wimbo huo mbele ya watu, na watu wakaushangilia ubeti wa tano kuliko yote iliyoutangulia. Sisi tukaona fahari.

Majuma machache baadaye hakuonekana darasani wala katika kwaya. Tulipomwendea nyumbani tulimkuta amelala mchana, gitaa limeegemezwa ukutani, nyuzi mbili zimekatika. Tulimwuliza kama ni malaria. Akasema si malaria. Tukamwuliza mbona hauimbi tena wimbo ule uliopendwa na watu. Akatujibu taratibu na kwa adabu: "Mwalimu, ule ubeti wa mwisho ni wako. Uuimbe wewe. Mimi niliishia pale pa nne."

Jibu lile ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Majina ya huzuni

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Kiswahili hakina umaskini wa majina ya huzuni. Tunayo huzuni yenyewe, tunayo simanzi, majonzi, jitimai, ghamu na kihoro. Malenga wa pwani walijua kuyatofautisha. Kihoro ni cha aliyepotewa na kitu au mtu, hata mwili ukadhoofu. Jitimai ni huzuni nzito iliyokaa moyoni muda mrefu. Siku hizi maandiko ya afya, hasa nchini Tanzania, hutumia neno sonona kwa ugonjwa ambao madaktari hutambua kwa dalili zake, na vyombo vya habari vya Kenya mara nyingi hutumia unyogovu. Ni vyema kuwa na istilahi. Lakini istilahi haina faida ikiwa mgonjwa mwenyewe hajitambui ndani yake.

Tulichogundua Dzaleka ni kwamba karibu hakuna aliyesema ana sonona, wala ana jitimai. Waliokuwa na shida hiyo walisema wana mawazo. "Ana mawazo mengi," husema mama juu ya mwanawe asiyekula. Msomi aliyezoea kamusi atadhani mama anamsifu mwanawe kwa kuwa na fikra nyingi. Kumbe anatoa habari ya ugonjwa. Wala jambo hili si la Kiswahili pekee. Wachewa huyaita mawazo "maganizo," na maradhi ya akili wao huyaita maradhi ya maganizo. Washona wa Zimbabwe wana neno "kufungisisa," yaani kuwaza kupita kiasi, na Dakta Dixon Chibanda alipoanzisha huduma ya Benchi ya Urafiki mwaka 2006, ambamo akina bibi waliofunzwa huketi benchini na kumsikiliza mtu mwenye dhiki, alilichukua neno hilo hilo la watu badala ya kuwaletea la kigeni. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopata huduma hiyo walipungukiwa na dalili zao kuliko wale waliopata matibabu ya kawaida. Wanyarwanda nao husema "agahinda gakabije," huzuni iliyopita kiasi.

Sasa tuirudie sentensi tuliyoikata. Katika Kiswahili cha Kivu, "niko nawaza" ni namna ya kawaida ya kusema jambo linaloendelea, kama vile sisi tusemavyo "ninawaza." Tusidai zaidi ya haki: kijana hakubuni mtindo mpya wa lugha, alisema kama asemavyo kila mtu kwao. Hata hivyo, katika wimbo juu ya mtu asiyeweza kutoka kitandani, neno "niko" lilikuwa likifanya kazi ambayo "ninawaza" haliwezi kuifanya. Lilimweka mtu mahali. Kuwaza kulikuwa ni chumba, naye yumo ndani. Mhakiki aliye macho angesimama hapo na kusikiliza. Sisi tulisimama hapo na kusahihisha.

Mahali na jina lake

Nyimbo haziwezi kutazamwa mbali na mahali zinapoimbwa. Kabla ya kuwa makazi ya wakimbizi, Dzaleka palikuwa na gereza, na katika enzi ya Rais Kamuzu Banda wafungwa wa kisiasa walifungwa huko. Katika Kichewa shina -leka lina maana ya kuacha, kama ilivyo -reka katika Kirundi na Kinyarwanda, na jina la mahali hapo hufasiriwa kuwa ni kauli ya mfungwa: sitarudia tena. Makazi yalifunguliwa mwaka 1994. Yalikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo yana watu zaidi ya 50,000. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa kuwekea mipaka baadhi ya vifungu vyake, vikiwemo vile vya kazi na vya uhuru wa kwenda mtu atakako. Basi kijana aweza kuzaliwa hapo, akasoma hapo, akajifunza gitaa hapo, na akaoa hapo, pasipo kuwa na mahali pengine anapoweza kupaita kwao kwa mujibu wa sheria.

Katika mahali pa namna hiyo, mwaka 2014, mshairi na mwanamuziki kutoka Kongo ajulikanaye kwa jina la kisanii Menes La Plume alianzisha tamasha la sanaa. Alilipa jina la Kiswahili: Tumaini. Wasanii wa makazi, wa Malawi na wa nchi nyingine hupanda jukwaa moja. Wageni hutoka Lilongwe na kwingineko, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi. Hatuna budi kulisifu jambo hili. Kwa siku chache, njia iliyokuwa ikipeleka misaada upande mmoja hugeuka, na mkimbizi huwa mwenyeji anayekaribisha. Kwa lugha yetu pia ni heshima kubwa, kwa maana neno tumaini sasa hutamkwa na watu ambao hawajui neno jingine lolote la Kiswahili.

Lakini neno zuri likiwekwa juu ya mlango huweza kuwa sharti la kuingilia. Tusemalo hapa si lawama kwa tamasha, ambalo limefungua mlango pale ambapo hapakuwa na mlango wowote. Lawama ni yetu sisi wasikilizaji. Tunakwenda kumsikia mkimbizi akiimba, na tumekwisha kuamua tunataka kusikia nini. Tunataka aanze na mateso ili tumwonee huruma, na amalize na tumaini ili turudi nyumbani usingizi usitupotee. Nyimbo nyingi tulizozisikia huko zina umbo hilo hilo la hatua tatu: nyumbani palikuwa pema, vita vikaja na safari ikawa ndefu, siku moja Mungu atafuta machozi. Umbo hili si baya kwa asili yake. Ni umbo la zaburi, ni umbo la tenzi nyingi. Ubaya wake huanza linapokuwa ndilo umbo pekee linalopigiwa makofi. Hapo mwimbaji hujifunza kuwa hatua mbili za mwanzo ni zake, na ya tatu ni ya hadhira, naye analipa deni.

Wimbo huponya, kazi huumiza

Tumekuwa tukisema kwa miaka mingi kwamba muziki ni dawa ya moyo. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Westminster huko London, Sally Anne Gross na George Musgrave, waliwauliza maswali wanamuziki 2,211 nchini Uingereza. Asilimia 68.5 walisema wamewahi kupatwa na sonona, na asilimia 71.1 walisema wamewahi kushikwa na hofu kubwa au wasiwasi mzito. Waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo yafaa tarakimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Yamkini wenye shida ndio waliokuwa wepesi wa kujibu. Lakini katika maelezo yao kulikuwa na jambo moja ambalo tarakimu hazikuwa nalo: wengi walisema kwamba kutunga na kupiga muziki kuliwaponya, na kilichowaumiza ni kuufanya muziki uwe riziki. Kutolipwa, kutojua kesho, kusifiwa leo na kusahauliwa kesho kutwa, kufanya kazi usiku na kutengwa na wenzao: hayo ndiyo waliyoyalalamikia.

Ikiwa hali ni hiyo katika nchi tajiri, tuitazame barabara ya kutoka Dzaleka kwenda Lilongwe. Katika makazi hadhira ipo, ila fedha hazipo. Lilongwe fedha zipo kiasi, katika harusi, katika mahoteli, katika studio za kurekodia. Lakini mwanamuziki mkimbizi si huru kukaa huko apendavyo. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee Dzaleka, na kuanzia mwezi Mei wa mwaka huo agizo hilo lilitekelezwa kwa nguvu. Maduka yalifungwa, familia zilipakiwa magarini. Kwa mwanamuziki hasara ya namna hiyo haionekani kwa macho. Hana shehena ya kuonyesha. Kilichopotea ni wenzi wa kupiga nao, mteja aliyemjua kwa jina, na saa ya jioni ambayo alikuwa mtu mwenye kazi.

Wala tusidhani kuwa raia wa nchi yuko salama. Lazarus Chigwandali, Mmalawi mwenye ualbino, alikuwa akipiga muziki katika mitaa ya Lilongwe kwa banjo la kujitengenezea na ngoma ya kupigwa kwa mguu. Huo ulikuwa wakati ambapo watu wenye ualbino nchini Malawi waliwindwa na kuuawa kwa ushirikina, hasa tangu mwaka 2014. Kila aliposimama hadharani kuimba alijitokeza mbele ya jua linalomdhuru ngozi na mbele ya macho asiyojua nia yake. Mwaka 2018 ilitoka albamu yake, na mwaka 2019 ilionyeshwa filamu juu ya maisha yake, iliyopewa jina lake na kuungwa mkono na mwimbaji Madonna. Habari zilizoandikwa juu yake nyingi zilikuwa na umbo la hatua tatu tulilolitaja: alidharauliwa, akaonekana, akashinda. Twafurahi kwamba alisikika. Hata hivyo mhakiki ana wajibu wa kuuliza: ngano hii ya ushindi inamsaidia nani? Inamwacha wapi mpiga banjo mwingine wa mtaa ule ambaye hakupita mgeni mwenye kamera? Na yeye aliyeshinda, siku moyo wake ukiwa mzito, ataisemea wapi habari hiyo, iwapo ulimwengu umekwisha kumwandika kuwa ni mshindi?

Mizani ndani ya wimbo

Tumesema kuna nusu nyingine ya kweli, kwamba kuimba huponya. Yafaa tueleze ni kwa njia gani, maana hapa ndipo uhakiki wa fani unapokuwa na faida. Jadi ya muziki wa Kiswahili inatupa jibu ambalo si lile la ubeti wa kutia moyo.

Mfikirieni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba na Makassy kisha na Super Matimila, na akafariki Desemba 2010. Watu wa Sinza waliita kituo chao cha basi kwa jina lake, naye alikuwa mgeni aliyetoka mashariki mwa Kongo kama vijana wengi wa Dzaleka. Nyimbo zake zilisema waziwazi juu ya umaskini, juu ya unyonge, juu ya kifo. Lakini magitaa yake hayakulia, yalichezesha. Kadhalika Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki katika ajali ya gari Januari 1979, wimbo wake uitwao Shida umewachezesha watu wa Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, na hakuna aliyesimama katikati ya dansi kuuliza suluhisho la shida hiyo liko katika ubeti wa ngapi.

Hapa tunaiona mizani. Maneno yanabeba uzito, na mdundo unambeba yule aliyebeba maneno. Maneno hayalazimishwi yatabasamu, wala mdundo haulazimishwi uomboleze. Kila kimoja kinafanya kazi yake, na mwimbaji anasimama katikati bila kuanguka. Kwa hiyo usawa wa moyo katika wimbo hautokani na kuiondoa huzuni, wala na kuifunika kwa ahadi. Unatokana na kuipatia huzuni mwenzi.

Jambo hilo hilo tuliliona katika kwaya za Dzaleka. Sauti ya kwanza huanza peke yake, nayo aghalabu ndiyo inayosema neno zito. Kabla haijaishiwa na pumzi, sauti nyingine zinaingia chini yake. Haziijibu, haziisahihishi, haziambii kwamba kesho kutakuwa kwema. Zinarudia yale yale iliyoyasema. Tuliwahi kuudharau mtindo huu tukiuita marudio yasiyo na ubunifu. Sasa twaona kwamba kurudia neno la mwenye huzuni ni njia mojawapo kongwe ya kumwambia: tumekusikia.

Tukiutazama tena wimbo wa kijana wetu kwa macho haya, tunaona kuwa ulikuwa kamili. Tuni yake ilikuwa ya mwendo wa kutembea, si ya kilio. Beti nne zilikuwa na idadi moja ya mizani, na kila ubeti ulirudi kwenye msumari ule ule wa paa. Umbo lilikuwa limesimama imara kuizunguka hali iliyokuwa ikiyumba. Hiyo ndiyo iliyokuwa tiba yake, na tiba hiyo ilikuwa inatosha kwa usiku mmoja. Sisi tulipomtaka aongeze ubeti tulimtoa katika umbo alilojijengea, tukampeleka katika umbo letu.

Pingamizi mbili

Msomaji atasema: je, makala haya yanataka tuwafundishe vijana kukata tamaa? La hasha. Tumaini ni jambo la lazima, na mtu aliyelipata mwenyewe ana haki ya kuliimba kwa sauti kubwa kama apendavyo. Tunachokataa ni tumaini la kuagizwa. Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi twasema, katika wimbo, asilokuwa nalo mwimbaji asidaiwe. Tena kuna tumaini katika kuandika beti nne kwa ukamilifu usiku ambao mtu hana nguvu ya kuinuka. Mhakiki anayelitafuta tumaini katika ujumbe peke yake halioni, kwa sababu limo katika kazi.

Mwingine atasema: walimu si waganga; basi tuishie kwenye sarufi. Hili nalo lina ukweli ndani yake, na twalikubali kwa sehemu. Hatuna ruhusa ya kumpima mtu moyo kwa kuusoma wimbo wake. Mtu mwenye afya aweza kutunga wimbo wa simanzi kuu kwa kuwa ni fundi, na mchekeshaji wa jukwaani aweza kuwa ndiye anayezama. Anayesema "wimbo huu wa huzuni, basi mtunzi ni mgonjwa" anakosea sawa na anayesema "wimbo huu wa furaha, basi mtunzi ni mzima." Lakini kutokuwa mganga si sababu ya kuwa kiziwi. Wataalamu wanatufundisha kwamba huzuni, au kutopendezwa na jambo lolote, ikidumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, uchovu, kujilaumu na kutoona thamani ya kuishi, hiyo si hali ya kuachiwa maneno ya kutia moyo. Ni ya kupelekwa kwa mwenye ujuzi. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Zomba iko mbali kusini, zaidi ya kilometa 250 kutoka Lilongwe, na si kila mtu wa kulazwa huko. Kituo cha afya kiko karibu zaidi, na mtu wa kumsindikiza mgonjwa hadi hapo anaweza kuwa mwalimu. Kijana wetu hakuhitaji tumfasirie ubeti. Alihitaji tutembee naye.

Shauri kwa walimu wenzetu

Tuna mashauri matatu, nayo si mazito.

La kwanza, swali la suluhisho lisiwe la kwanza wala la lazima. Tumwulize mwanafunzi: wimbo huu unasimama wapi? Nini kinambeba anayeimba? Sauti, mdundo, marudio na kimya vinafanya kazi gani? Hayo ni maswali ya fani, na mwanafunzi atayajibu kwa kusikiliza badala ya kubahatisha.

La pili, tuzikusanye lugha za huzuni za wasemaji wote wa Kiswahili, wa Unguja na wa Bukavu, wa Lamu na wa Lubumbashi, kabla hatujazisahihisha. Tangu Jumuiya ya SADC ilipokubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, tumekuwa tukijivuna kwamba lugha imevuka mipaka. Lugha haivuki mipaka peke yake. Huvuka kichwani mwa watu, na wengi wao walivuka wakikimbia. Wana maneno ya yale waliyoyapitia ambayo Kiswahili sanifu bado hakijayajua. Kalamu nyekundu ingoje.

La tatu, tuwalipe wanamuziki. Shule inapomwalika mwimbaji katika sherehe yake, chama kinapomwita katika mkutano wake, soda na makofi si ujira. Ikiwa kinachowaumiza wanamuziki ni riziki kuliko muziki, basi shilingi au kwacha iliyolipwa kwa wakati ni sehemu ya uhakiki wa kweli.

Kuhusu kijana yule, tulirudi kwake siku ya pili, na ya tatu. Tulimpeleka kituo cha afya, tukangoja naye kwenye foleni tangu asubuhi. Daftari tulimrudishia baada ya kuandika chini ya maneno yetu mekundu, kwa wino wa bluu, kwamba mwalimu alikosea. Alilisoma, akacheka kidogo, akasema wino wa bluu unasomeka vizuri zaidi. Ilichukua miezi kabla hajanunua nyuzi mpya.

Mara ya mwisho tulipomsikia alikuwa katika mazoezi ya kwaya, jioni, watu wanane tu na sisi mlangoni. Aliimba beti nne. Alipofika mwisho wenzake waliurudia mstari wa mtu aliye macho, mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kisha gitaa likaendelea peke yake kwa muda. "Niko nawaza" ilikuwa imerudi mahali pake. Hatukumwuliza suluhisho ni nini.